Sarafu ya dhahabu ya babu: iuzwe kwa gramu au kwa jina?

Sarafu kuukuu ya dhahabu ikitoka sandukuni huko Mpwapwa, Kilimatinde au Kondoa, safari yake mara nyingi huishia mezani kwa sonara mjini Dodoma. Sonara huiweka kwenye mizani, huisugua kidogo kwenye jiwe jeusi, hudondosha tindikali, kisha hutaja bei. Bei hiyo ni ya gramu. Haiulizi kama kipande kile kina mfalme wa Uingereza au tembo wa Tabora. Wapo wanaosema kuuza hivyo ni kuibiwa mchana kweupe. Wapo pia wanaosema habari za wakusanyaji sarafu wa Ulaya ni ndoto, zinawafanya watu walalie dhahabu huku ada za shule zikidaiwa. Pande zote mbili zina hoja. Kinachoamua ni sarafu ipi iko mkononi, na wengi hufika kwa sonara wakiwa bado hawajaijua.

Tuanze na lililo chungu: vingi vinavyoitwa "dhahabu ya Mjerumani" katika mikoa ya kati si dhahabu. Mwaka 1916, vita ilipokata njia za baharini, Wajerumani walifungua kiwanda kidogo cha sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Humo zilitoka sarafu za shaba ya njano za hela 5 na hela 20, zenye taji, herufi D.O.A. (kifupi cha Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani) na mwaka 1916. (Neno letu "hela" limetokana na hizo heller zao.) Zikisuguliwa kwa majivu na limau hung'aa kama dhahabu, na hapo watu hudanganyika. Rupia yenye sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma nayo ni ya fedha, gramu 11.66, uzito uleule wa tola moja ambayo masonara wengi wanaijua. Reale kubwa ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 ni fedha pia, gramu 28 na ushei, na imeendelea kupigwa kwa mwaka huohuo kwa zaidi ya karne mbili, kwa hiyo tarehe yake haithibitishi umri wake. Misafara iliyopita Ugogo ililipa hongo kwa nguo, shanga na waya. Hakuna sababu ya kutegemea mitungi ya dhahabu chini ya kila mbuyu ulio karibu na boma. Na anayetafuta "rupia inayovuta mchele" au inayonasa sumaku, akitaka kwanza umpe pesa za kuipima, ni tapeli. Dhahabu hainasi sumaku, wala fedha hainasi.

Zilizo dhahabu kweli na ambazo mtu anaweza kukutana nazo hapa ni chache, na kila moja ina vipimo vyake. Pauni ya dhahabu ya Waingereza, yenye kichwa cha mtawala upande mmoja na mpanda farasi anayeua joka upande wa pili, ina gramu 7.99, upana wa milimita 22.05 na karati 22, yaani sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu safi. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.32. Nusu pauni ni nusu ya uzito huo, upana milimita 19.3. Sarafu ya Tanzania ya shilingi 1,500 ya mwaka 1974, yenye duma na sura ya Mwalimu Nyerere, ina gramu 33.437 na usafi wa 900 kwa 1,000, yaani dhahabu safi gramu 30.09. Ilitolewa kwa ajili ya uhifadhi wa wanyamapori na zilipigwa elfu chache tu.

Halafu kuna ile ya Tabora. Rupia 15, mwaka 1916, herufi T chini ya tembo anayetembea mbele ya mlima, na tai wa dola ya Ujerumani upande wa pili. Uzito wake ni gramu 7.168, karati 18, dhahabu safi gramu 5.376. Dhahabu hiyo ilichimbwa Sekenke, Iramba, katika Singida ya leo. Zilipigwa 16,198 tu, kabla ya majeshi ya Wabelgiji kuiteka Tabora Septemba 1916. Ziko za aina mbili: tazama upande wa tai, kwenye neno OSTAFRIKA, uone pambo la kulia linaishia chini ya herufi T au chini ya A ya kwanza. Mnunuzi makini atakuuliza hilo kabla hajataja bei.

Sasa hesabu. Bei ya dunia hutangazwa kwa aunsi ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1035, si aunsi ya kawaida ya gramu 28.35. Anayezichanganya hukosea kwa karibu sehemu moja ya kumi, na akikutana na mnunuzi mjanja, hasara ni yake. Gawanya bei ya siku kwa 31.1035, geuza kuwa shilingi, upate bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Tuseme, kwa mfano tu, imetoka shilingi 300,000. Pauni ya dhahabu ina thamani ya 7.322 mara 300,000, yaani shilingi 2,196,600. Rupia 15 ya Tabora, kwa uzito peke yake, ni 1,612,800.

Ziangalie namba hizo mbili vizuri. Mezani kwa sonara, sarafu ya Tabora ina bei ndogo kuliko pauni ya kawaida, kwa sababu ni nyepesi na karati zake ni chache. Kwa wakusanyaji mambo hugeuka kabisa. Pauni za kuanzia 1902 hadi 1931 zilipigwa kwa mamilioni, na nyingi huuzwa juu kidogo tu ya dhahabu iliyomo. Ya Tabora huuzwa mnadani kwa mara kadhaa ya dhahabu yake.

Kwa hiyo anayetetea sonara ana haki kwenye pauni. Sonara akilipa asilimia 92 ya thamani, kwa mfano wetu, muuzaji anaondoka na shilingi 2,020,872 siku hiyohiyo, kwa hasara ya 175,728. Kuipeleka pauni moja Ulaya, pamoja na bima, usafiri na kamisheni, kunakula zaidi ya hapo. Isipokuwa mwaka na alama za kiwanda ziseme vingine. Herufi ndogo SA huonyesha Pretoria, na za mwaka 1923 na 1924 ni adimu. Ya 1917 isiyo na herufi yoyote, yaani ya London, ni adimu mno na imeigwa mno pia, hivyo ukiiona anza na shaka. Jambo la kubishana na sonara ni asilimia yenyewe. Muulize waziwazi: "Unalipa asilimia ngapi ya bei ya leo, na unahesabu karati ngapi?" Anayeihesabu karati 22 kama 20 amekukata zaidi ya asilimia 9 bila kugusa bei ya gramu.

Kwenye sarafu ya Tabora hoja ya sonara haisimami. Ikiuzwa kwa mara tatu tu ya uzito wake, shilingi 4,838,400, mnada ukikata asilimia 15, na nyingine 600,000 zikaishia kwenye cheti, bima na usafirishaji, bado zinabaki zaidi ya milioni 3.5 dhidi ya milioni 1.6. Linaloumiza zaidi ni kwamba ikiuzwa kwa gramu huishia kwenye kikaango cha kuyeyushia. Dhahabu ya Sekenke, iliyopigwa Tabora na kubeba mwaka ule wa vita, inageuka pete isiyo na historia yoyote, na kati ya zile 16,198 inapungua moja isiyorudi.

Hata hivyo upande wa pili usipuuzwe, kwa kuwa njia ya wakusanyaji ina mashimo yake. Kwanza ni sarafu bandia: ya Tabora huigwa sana. Nakala ya kumiminwa huwa na vinundu vidogo ndani ya herufi, manyoya ya tai yasiyokatika vizuri, na pengine mstari wa kiungo ukingoni. Chukua mizani inayosoma gramu 0.01. Ya gramu 0.1 haifai kwa kazi hii. Uzito wa sarafu iliyochakaa unaweza kupungua kidogo, lakini gramu 6.8 si uchakavu. Kisha pima densiti, yaani uzito wa kitu ukigawanywa kwa ujazo wake. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe ikining'inia bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka ni ujazo wake. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Pauni ya dhahabu itaonyesha takriban 0.45 na jibu lake huwa kati ya 17 na 18. Ya Tabora itaonyesha karibu 0.46, jibu likizunguka 15.5. Shaba ya njano yenye uzito huohuo itaonyesha zaidi ya 0.8. Vipovu vya hewa vikishika kwenye sarafu, jibu hushuka na dhahabu halali huonekana bandia. Tone moja la sabuni ya maji huviondoa. Sarafu ikigusa chini ya kikombe, namba hupanda na jibu huharibika vilevile.

Kipimo hicho hakiachi alama. Jiwe na tindikali huacha, na kwa sarafu ya mkusanyaji mkwaruzo mmoja ukingoni ni fedha iliyopotea. Kukiwa na shaka, tafuta mashine ya miale ya eksirei, kama zinazotumika kwenye masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa 2019. Inasoma asilimia za madini ya juu bila kukwangua. Kasoro yake ni hiyohiyo ya kusoma juu tu, kwa hiyo kipande kilichopakwa dhahabu kinaweza kuipita. Itumike pamoja na densiti, isiwe badala yake.

Shimo la pili tunalichimba wenyewe. Sarafu husafishwa kwa dawa ya meno, majivu au siki "ipendeze" kabla ya kupelekwa sokoni. Mkusanyaji anataka uso wa asili, pamoja na wekundu na vumbi lake. Mikwaruzo midogo ya kusugua haifichiki chini ya lenzi, na wakaguzi wa PCGS na NGC, kampuni za Marekani zinazofunga sarafu kwenye kasha na kuzipa daraja, huandika wazi kwamba imesafishwa. Iliyotobolewa kwa ajili ya kidani, au yenye lehemu ya kitanzi juu, hushuka sana. Usimpe fundi aing'oe lehemu. Atatoa na dhahabu yenyewe, na sarafu itakuwa na madonda mawili badala ya moja.

La tatu ni umiliki na sheria, na hapa mkazi wa Dodoma ana nafuu kwa kuwa ofisi nyingi ziko jirani. Sarafu ya marehemu haiuzwi na aliyeikuta chini ya godoro. Inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, muhtasari wa kikao cha ukoo ukiwa mkononi. Sheria ya Mambo ya Kale inahesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sarafu za masultani wa kale wa Kilwa, ambazo karibu zote ni za shaba, zimo ndani ya mstari huo. Ya Tabora ya 1916 haimo. Pamoja na hayo, kabla ya kutuma chochote nje pata jibu la maandishi kutoka idara ya mambo ya kale na forodha, maana mzigo ukizuiwa uwanja wa ndege, maelezo ya mdomo hayausaidii.

Wapo wanaosema sarafu hizi zisiuzwe nje kabisa, zibaki makumbusho ya hapa nyumbani. Hoja hiyo ina uzito, na mwenye uwezo wa kukabidhi moja makumbusho atakuwa amewafaa wengi. Kinachosahaulika ni kwamba familia inayodaiwa haichagui kati ya makumbusho na Osnabrück, ulipo mnada wa Künker unaojulikana kwa sarafu za Kijerumani. Inachagua kati ya Osnabrück na kikaango. Sarafu iliyouzwa mnadani ina picha, uzito na tarehe ya kuuzwa, na siku moja inaweza kununuliwa na kurudi. Iliyoyeyushwa hairudi.

Ukiamua mnada, tuma kwanza picha tu: pande zote mbili na ukingo, kwa mwanga wa dirishani bila flashi, rula ikiwa pembeni na mizani ikionyesha namba. Omba makadirio ya bei, kiwango cha kamisheni na bei ya chini ambayo haitauzwa chini yake, vyote kwa maandishi. Nyumba ya mnada ya kweli hukata chake kwenye mauzo. Anayetaka fedha kabla ya mnada ili "kuachia malipo" aachwe hapohapo. Malipo huja benki baada ya wiki kadhaa, pengine miezi miwili, hivyo aliye na deni la wiki ijayo asiitegemee njia hii. Huyo ni heri akope kidogo kuliko kuyeyusha tembo. Na akilazimika kabisa kwenda kwa sonara na sarafu ya Tabora, aende na bei ya gramu ya siku hiyo mfukoni, aseme tangu mwanzo kwamba anajua ni ya mwaka 1916, na adai stakabadhi inayoandika jina la sarafu, uzito na karati, si neno "dhahabu" peke yake.