Wanaojidanganya ni Wengine

Jamani, watu wanajidanganya! Sisemi kudanganya wenzao, huko tumeshazoea. Nasema mtu yuko peke yake, mlango kaufunga, hakuna anayemhoji, anaanza kujipiga fiksi mwenyewe. Na anaikubali! Fiksi ambayo ungempelekea wewe angekucheka mpaka akae chini, akijiletea mwenyewe anaipokea kwa mikono miwili.

Chukua huu mchezo wa kusogeza saa mbele dakika kumi. Nani aliuanzisha? Mtu kaisogeza kwa mkono wake, akili timamu, eti asichelewe. Asubuhi anafumbua jicho moja, saa inasema moja na dakika kumi. Anaruka kitandani? Thubutu! Anatoa dakika zake kumi kwanza, hesabu inatoka safi na usingizi wote ule, "aah, kumbe saa moja kamili," anavuta shuka. Huyo huyo mchana ukimpa hesabu ya kugawa kwa tatu anatafuta kikokotoo. Basi kesho yake anasogeza dakika kumi na tano ili ajikomeshe. Anamkomesha nani, wakati siri anaijua? Yangu mimi iko mbele dakika ishirini, lakini hiyo ni tahadhari. Ni kitu kingine kabisa.

Halafu kuna mizani. Nimemshuhudia mtu mzima akijipima uzito, nikatamani niite mashahidi. Kavua viatu, sawa. Kavua mkanda. Kavua saa. Katoa funguo mfukoni, katoa kitambaa cha jasho, kapumua nje pumzi yote, kapanda. Namba haikumfurahisha. Kashuka, kaikagua mizani chini na juu, kasema sakafu haiko sawa, kaisogeza ukutani. Kapanda tena, kidole kimoja kakiegemeza ukutani, "nisije nikaanguka." Namba ikashuka. Hiyo ndiyo akaiandika! Sasa mizani ingempa namba tamu mara ya kwanza, angeuliza habari za sakafu? Binadamu ndivyo tulivyo: habari nzuri inaingia ndani moja kwa moja, mbaya tunaisimamisha mlangoni tunaidai kitambulisho.

Na madereva! Mwaka 1981 mtafiti wa Sweden, Ola Svenson, alichapisha majibu ya watu waliotakiwa kujilinganisha na wenzao kwa ustadi wa kuendesha gari. Wamarekani asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya juu. Wasweden walijikaza kidogo, wakaishia asilimia 69. Sasa nisaidieni. Nusu ya juu ina nafasi 50 katika kila mia. Hao Wamarekani 43 waliozidi wamekaa wapi, kwenye buti? Nyani haoni kundule, na akipewa usukani ndiyo basi tena. Ndiyo maana barabarani nateseka, nimezungukwa na watu wasiojua kuendesha na kila mmoja anajiona fundi. Mimi niko kwenye ile nusu ya kweli, na kitu nilichokigonga kilikuwa kimesimama vibaya.

Lakini walioniacha hoi ni wale wa maji baridi. Mwaka 1984 wanasaikolojia George Quattrone na Amos Tversky waliwafanyisha watu mazoezi, wakawataka watumbukize mkono kwenye maji ya baridi kali. Baadhi waliambiwa kwamba ukivumilia zaidi baada ya mazoezi, moyo wako ni mzima. Wengine waliambiwa kinyume: ukitoa mapema ndiyo dalili njema. Mnajua kilichotokea. Wa kwanza wakang'ang'ania mle ndani, wa pili wakachomoa. Walipoulizwa kama walifanya makusudi, wengi wakakana kabisa, ndivyo mkono ulivyojisikia wenyewe! Jamani, moyo unatibiwa kwa kubana meno? Ukiwa mbovu ni mbovu tu, hata ukae na mkono kwenye barafu mpaka Jumatatu.

Jumatatu nayo nisiisahau, siku inayobebeshwa mizigo ya watu. Mazoezi Jumatatu, kuweka akiba Jumatatu, kuacha sigara Jumatatu. Haijawahi kusemwa ni ipi.

Ukiuliza kwa nini tunajifanyia hivi, wengi watakwambia ni kujipa moyo, ukweli unauma. Sawa, upo uzito hapo. Ila mwanabiolojia wa Marekani, Robert Trivers, alikuja na wazo linalonikosesha raha zaidi: tunajidanganya ili tuwadanganye wengine vizuri. Anayejua anasema uongo hujisaliti, sauti inapanda, macho yanahangaika. Aliyeuamini uongo wake yuko shwari, utamkamatia wapi? Nilipoisoma hiyo nikamkumbuka rafiki yangu wa "niko njiani." Unampigia, anakujibu kwa sauti tulivu ya mtu aliyekwisha kufika, "nipo hapo kona, dakika mbili," na nyuma yake unasikia maji yanamwagika kwenye ndoo. Hata hastuki! Moyoni mwake kweli yuko kona.

Leo tuna miadi naye saa tatu, na nimemwambia wazi kwamba akichelewa simngojei. Hii sasa ni saa tatu kasoro tano. Mimi nimeshatoka, nimebakiza kuoga tu.