Chupa ya chai na meli ya kimyakimya

Jamani mi kazi yangu ni kunyamazisha meli, msicheke, ipo na mshahara nalipwa. Mwaka huo ndo nimepewa timu yangu mwenyewe, tuko Norway tunajaribu meli mpya ya utafiti wa samaki. Meli kama hiyo ikipiga kelele samaki wanatimka kabla hujawahesabu, ndo maana ICES, lile baraza la kimataifa la utafiti wa bahari, waliweka kipimo chao 1995, unatembea maili 11 za baharini kwa saa na kelele yako chini ya maji isivuke mstari.

Basi saa nane usiku, maji yametulia kama ya mtungini, haidrofoni, yaani maikrofoni za majini, zimezamishwa, meli inapita mbele yake. Mi kwenye skrini naona mwiba, yaani sauti moja imezidi wenzake, umesimama wima kwenye hezi 120, mitetemo 120 kwa sekunde. Nikasema transfoma hiyo! Umeme wa meli ni hezi 60 na transfoma huunguruma mara mbili yake, nikaagiza fundi umeme aamshwe, babu mmoja Mnorwe, kaja na kandambili miwani puani, kachungulia skrini, akaniambia jenereta namba mbili ina silinda 12, inazunguka mara 1,200 kwa dakika, kila silinda inawaka mzunguko mmoja inaacha mmoja, piga hesabu mama. Nikapiga. 120. Lakini nikabisha, jenereta imekalia mipira ya kumeza mtetemo, na hiyo mipira nimeichagua mimi! Sa nani atanambia kitu.

Tukazima transfoma moja, tukapita tena. Mwiba upo. Tukazima feni, pampu, mpaka friji za jikoni, mpishi anafoka Kinorwe sijui ananitukana au anaomba dua, na kila raundi meli inageuka nusu saa nzima. Kufika alfajiri kapteni hata salamu yangu haitiki.

Ndo kijana mmoja wa Unguja, anapaka mafuta huko injini rumu, akapanda ngazi polepole kashika kitu na tambara. "Da mkubwa, samahani, hii si chupa yako?"

Chupa yangu ya chai. Ya chuma, ya lita moja. Jioni niliisokomeza mwenyewe kati ya fremu ya jenereta na kile kikalio cha chini ili isibiringike, nikasahau. Mtetemo badala ya kufia kwenye mpira ukapata daraja, ukapita kwenye chupa hadi kwenye bodi la meli hadi baharini kwa samaki. Ubavuni rangi imelika, panang'aa kama sarafu. Chai bado ya moto, tena.

Tukapita mara ya mwisho, mwiba haupo.

Kwenye ripoti, pale pa sababu, nikaandika kwa heshima zote "kitu kigeni cha chuma, cha mviringo". Yule babu akasoma, akachomoa kalamu, akaongezea pembeni: "chenye tangawizi".