Hirizi ya Mshtarii na mwalimu aliyenyamaza

Aprili 1974, katika hoteli ya mji mdogo wa Nauvoo, jimbo la Illinois, Marekani, mwalimu wa dini aitwaye Reed Durham alisimama kuhutubia wanahistoria wenzake. Alikuwa Mmormoni kama wengi wa waliomsikiliza, mkurugenzi wa taasisi ya Kanisa lake inayowafundisha dini wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, na wakati huo alikuwa pia rais wa chama chao cha historia. Watu walikaa kusubiri hotuba ya heshima, zile za kushukuru kamati na kuwakumbuka waasisi. Durham akawafungulia kabati alilokuwa akilijaza polepole: Frimasoni, bamba la dhahabu la Henoko, na hirizi ya fedha yenye alama za sayari ya Mshtarii, ambayo alisema ilikuwa mali ya nabii Joseph Smith, mwasisi wa Umormoni.

Haukupita muda akawaandikia waliohudhuria barua, akieleza masikitiko yake na kuthibitisha kwamba bado anaamini Joseph Smith alikuwa nabii. Hotuba yenyewe hakuichapisha; maandishi yaliyosambaa yalitolewa na watu wengine. Juu ya mada ile akanyamaza.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wapinzani wa Umormoni hukisimulia kama kisa cha mtu aliyeona ukweli akazibwa mdomo. Watetezi hukisimulia kama kisa cha mwalimu mzuri aliyezama mno katika mafumbo mpaka akapoteza mizani. Mimi naona kila upande umeshika ncha moja ya kamba, na katikati pamebaki fundo ambalo hakuna anayelifungua: mtu wa ndani anayechunguza imani yake mwenyewe, kimyakimya, kwa miaka, utafiti wake tuupime kwa kipimo gani?

Kwanza nimtoe msomaji wetu hofu. Neno Frimasoni likitajwa Dar es Salaam au Nairobi, mazungumzo hugeuka mara moja kuwa ya damu na utajiri wa ghafla. Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyekuwa kiongozi wa Frimasoni Afrika Mashariki, alijieleza hadharani mara nyingi, na wengi hawakumwamini hata hivyo. Frimasoni anaowazungumzia Durham ni wale wa Marekani ya karne ya 19: chama cha udugu cha wanaume, wakiwemo mahakimu, wafanyabiashara na wakulima wenye uwezo, waliokutana kwenye loji zao kuigiza visa vya ujenzi wa Hekalu la Sulemani, wakavaa aproni, wakala viapo, wakatambuana kwa kushikana mikono kwa namna maalumu. Kuwa mwanachama ilikuwa heshima ya mjini, ingawa wako waliokichukia chama hicho kiasi cha kuunda chama cha siasa cha kukipinga.

Sasa tarehe. Loji ya Nauvoo, mji ambako Joseph Smith na wafuasi wake walikuwa wakiishi, ilizinduliwa rasmi tarehe 15 Machi 1842, na Joseph Smith akapokewa siku hiyohiyo, kesho yake akapandishwa hadi daraja la tatu. Tarehe 4 Mei mwaka huohuo, katika chumba cha juu cha duka lake la matofali mekundu, akawafundisha wanaume tisa ibada mpya ambayo waumini wake wanaiita endaumenti. Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku hamsini. Wengi wa wale tisa walikuwa Frimasoni. Mmoja wao, Heber C. Kimball, alimwandikia rafiki yake mwezi uliofuata kwamba ukuhani na Umasoni vinafanana, na kwamba kwa maelezo ya Joseph, Umasoni ulitokana na ukuhani, ila umeharibika. Kwa hiyo wa kwanza kuuona mfanano huo walikuwa waumini wenyewe, na hawakuuonea haya. Waliuona kama ushahidi kwamba kitu cha kale, kilichochakaa mikononi mwa watu, kimerudishwa kikiwa kizima.

Hapo Durham alisimama juu ya mwamba. Alidai kwamba Umormoni wa Nauvoo haueleweki bila Frimasoni, na nyaraka zinamuunga mkono. Alama zilizopamba jengo la Salt Lake, hekalu lililochukua miaka 40 kujengwa, kuanzia 1853 hadi 1893, bado ziko ukutani kwa mwenye macho: jicho lionalo yote, mikono iliyoshikana, jua, mwezi na nyota. Kanisa lenyewe leo linakubali katika maandishi yake rasmi kwamba mfanano upo, likiongeza kwamba lengo la ibada zake ni jingine.

Hoja hiyo ya lengo isidharauliwe. Endaumenti inasimulia uumbaji, Adamu na Hawa, kuanguka kwa mwanadamu na njia ya kurudi kwa Mungu. Hicho sicho kisa kinachoigizwa kwenye loji. Isitoshe, Septemba 1843 wanawake walianza kuipokea, Emma mke wa Joseph akiwa wa kwanza, wakati milango ya loji ilikuwa imefungwa kabisa kwa wanawake. Ukisema Joseph alichukua vyombo vya jirani, sawa. Ukisema alipika chakula kilekile, hapo unanipoteza.

Tuje kwenye hirizi. Msomaji wa pwani haoni ajabu kitu cha namna hii. Falaki ni elimu ya zamani kwetu, na hirizi yenye majedwali ya namba na jina la nyota haikosekani katika hadithi za mitaani. Hirizi anayoitaja Durham ni kipande cha fedha chenye alama za Mshtarii zinazolingana na maelezo ya kitabu cha uchawi kilichochapishwa London mwaka 1801. Kwamba kitu hicho kipo, hakuna ubishi. Ubishi ni kama kiliwahi kuwa mfukoni mwa Joseph Smith. Ushahidi mkuu ni maneno ya Charles Bidamon, aliyelelewa na Emma baada ya Emma kuolewa tena, na ambaye alikiuza kipande hicho katika miaka ya 1930. Bidamon alizaliwa mwaka 1864. Joseph aliuawa kwenye jela ya Carthage tarehe 27 Juni 1844. Muuzaji, basi, anashuhudia juu ya mfuko wa mtu aliyekufa miaka 20 kabla yeye hajazaliwa, na hapohapo ana bei mkononi. Mwaka 1984 mwanahistoria Richard Lloyd Anderson akaonyesha kwamba orodha ya vitu vilivyorudishwa kutoka mwilini mwa Joseph haina hirizi yoyote.

Miaka kumi ilipita kutoka hotuba hadi pingamizi hilo kuandikwa. Najiuliza ingekuwaje kama Durham angekuwa na mwenzake mmoja mkali wa kumsomea rasimu mezani, akamuuliza: hii ya fedha umeitoa wapi? Mtafiti wa faragha ana subira ambayo wasomi wa kulipwa hawana. Anaweza kukaa na aya moja miaka mitano. Anachokosa ni mtu wa kumkatalia. Kila kipya anachokiokota kinakaa vizuri pembeni ya kilichotangulia, kwa sababu mpangaji ni mmoja. Hadithi ya Kimasoni ya Henoko aliyelificha bamba la dhahabu chini ya ardhi, ukiiweka karibu na mabamba ya dhahabu ambayo Joseph alisema aliyatoa kilimani akayatafsiri kuwa Kitabu cha Mormoni, inasisimua kweli. Lakini msisimko haukuambii nani alimsomea nani nini, na lini.

Lau ugonjwa huu ungekuwa wa Durham peke yake, ningemaliza hapa. Tatizo ni kwamba upande wa utetezi unao pia, na dozi yake ni kubwa zaidi. Hugh Nibley, profesa wa Chuo Kikuu cha Brigham Young aliyesoma lugha nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta mfanano wa ibada za hekaluni katika Misri, Babeli na Wakristo wa mwanzo. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya hotuba ya Nauvoo, alitoa kitabu kizima juu ya mafunjo ya Kimisri ambayo Joseph alikuwa ameyanunua mwaka 1835 na ambayo yalihusishwa na Kitabu cha Ibrahimu, andiko takatifu la Wamormoni ambalo Joseph alisema amelitafsiri kutoka humo. Vipande vya mafunjo hayo vilionekana tena katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na vikakabidhiwa Kanisa mwaka 1967. Wataalamu wa Kimisri, wakiwemo Wamormoni, wanakubaliana kwamba ni maandishi ya mazishi na hayalingani na maneno ya Kitabu cha Ibrahimu. Maelezo rasmi ya Kanisa ya mwaka 2014 yanasema hivyohivyo. Nibley alitafuta mlango mwingine: akaonyesha kwamba maandishi yale ya mazishi yana safari ya roho inayofanana na endaumenti.

Tazama sasa. Durham alipanga mifanano, Nibley alipanga mifanano. Mmoja aliishia kuandika barua ya masikitiko, mwingine aliheshimiwa Utah mpaka anafariki mwaka 2005. Kilichowatofautisha machoni mwa watu ni mahali mifanano ilipoelekea: ya Nibley ilikwenda zamani za kale, ya Durham ikaenda mtaa wa pili. Kwa kipimo cha ushahidi, mtaa wa pili ndio wenye nguvu zaidi, maana kuna tarehe, majina na chumba chenyewe. Kati ya makaburi ya Misri na duka la matofali mekundu hakuna mtu hata mmoja tunayeweza kumtaja kwamba alibeba ibada hiyo mkononi. Mwaka 1962 msomi wa Biblia Samuel Sandmel alichapisha onyo kwa wenzake juu ya tabia ya kukusanya mifanano na kuigeuza kuwa asili. Hakuwa akiwasema Wamormoni, lakini kofia inawatosha wote wawili.

Kuna suala la siri, nalo ni gumu kuliko la ushahidi. Mtafiti wa namna hii ameapa. Amepita hekaluni, ameahidi kutoyasema baadhi ya mambo nje, na hapohapo anajua kwamba hayo ndiyo kiini cha anachokichunguza. Aliyekulia kwenye jamii za unyago na jando anaelewa bila kufafanuliwa: kungwi anajua maana ya kila wimbo, ila hawezi kukuandikia gazetini bila kuvunja kitu ambacho hakipimwi kwa ukweli na uongo. Sikubaliani na wanaoiona siri yoyote kuwa ushahidi wa hila. Lakini siri ina gharama yake. Kanisa liliondoa baadhi ya sehemu za ibada mwaka 1990, zile za ishara za adhabu zilizofanana na za loji, na waumini wengi hawakuwa na mahali pa kuuliza kwa nini. Mwaka 2014 Kanisa lenyewe lilitoa video kuonyesha mavazi ya hekaluni na kueleza kwamba ni matakatifu, hayana uchawi wowote. Hayo yangeweza kusemwa mapema.

Wengine waliweka matokeo yao kwenye droo. B. H. Roberts, kiongozi wa ngazi ya juu, aliandika miaka ya 1920 uchunguzi mgumu juu ya asili ya Kitabu cha Mormoni, akausoma na viongozi wenzake, kisha ukakaa. Ulichapishwa mwaka 1985, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, na hadi leo watu wanagombana aliamini nini. Grant Palmer alifundisha dini katika mfumo wa Kanisa kwa miaka 34, akasubiri kustaafu, akachapisha mashaka yake mwaka 2002, akaadhibiwa mwaka 2004. Ninamwelewa mzazi anayeuliza: wale vijana uliowafundisha, uliwafundisha nini kumbe? Ninamwelewa na Palmer, aliyekuwa na watoto wa kulisha na mwajiri asiyetaka kusikia. Kati ya hao wawili sina mshindi wa kumtangaza.

Ninachoweza kusema ni kwamba droo zinazidi kukosa kazi. Kanisa limechapisha nyaraka za Joseph Smith kwa majalada mengi kuanzia 2008 hadi 2023, zikiwemo kumbukumbu ambazo zamani watafiti hawakuruhusiwa kuzigusa, na mwaka 2015 likatoa picha za jiwe ambalo Joseph alilitazama alipokuwa akitafsiri Kitabu cha Mormoni. Hekalu la Kinshasa lilifunguliwa mwaka 2019, la Nairobi mwaka 2025, na Kitabu cha Mormoni kizima kinasomwa kwa Kiswahili. Dada wa Nairobi anayejiandaa kwenda hekaluni kwa mara ya kwanza anaweza, akiwa kwenye matatu, kufungua shajara ya Joseph Smith kwenye simu yake: Machi 1842 anaingia kwenye loji, kurasa chache mbele ni Mei, chumba cha juu, wanaume tisa.