Shingo ya Gitaa: Tuamini Mbao au Nondo?

Mwaka 1950 kampuni ya Fender ya California ilianza kuuza gitaa la umeme liitwalo Esquire. Shingo yake ilikuwa ya mepo tupu, bila chuma chochote ndani. Mwanzilishi wake, aliyeitwa Leo Fender, aliamini kwamba mepo, mti mgumu wa Marekani Kaskazini, unaweza kuhimili mvuto wa nyuzi peke yake. Mwaka haukuisha kabla kampuni haijabadili msimamo: shingo zikachimbwa mfereji kwa nyuma, nondo (fimbo ndefu ya chuma) ikaingizwa, kisha mfereji ukazibwa kwa ukanda wa mbao nyeusi ambao hadi leo ni alama ya magitaa yake. Wakati huo Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, walikuwa na nondo ya kurekebishika tangu miaka ya 1920; hataza yake alipewa Thaddeus McHugh mwaka 1923. Martin wa Pennsylvania, kwa upande wao, walikuwa wakitia pau ya chuma isiyorekebishika, na hawakuhamia kwenye nondo ya kurekebishwa mpaka 1985.

Yaani kampuni tatu kubwa, zenye mafundi wa kuaminika, zilipishana kwa zaidi ya miaka 60 juu ya jambo moja: nini hasa kinachoizuia shingo isipinde? Ubishi huo haujaisha. Wapo wanaosema kila kitu kiko kwenye mbao. Ukichagua gogo zuri na kulipasua inavyotakiwa, shingo itakuzika. Wapo wanaosema mbao ni mbao tu, zote hucheza, na kinachookoa ni chuma, pau za nyuzinyuzi za kaboni au kuunganisha vipande. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona zinabishana kwa sababu kila upande unatibu ugonjwa tofauti.

Tuanze na mbao zenyewe. Mbao hunywa na kutoa unyevu maisha yake yote, hata baada ya kupakwa vanishi. Zinaponywa hutanuka, zinapokauka hunywea, lakini si sawasawa pande zote. Kwa kufuata mzingo wa pete za ukuaji, mbao hunywea sana. Kutoka katikati ya gogo kwenda nje hunywea karibu nusu ya hapo. Kwa urefu hunywea kidogo mno: asilimia 0.1 hadi 0.2 tu kutoka mbao mbichi hadi kavu kabisa. Mepo ngumu hunywea takriban asilimia 9.9 kufuata pete na 4.8 kutoka katikati kwenda nje. Mahogani ya Amerika ni 4.1 na 3.0. Ndiyo maana mahogani ikapendwa: si kwamba haichezi, bali pande zake hucheza kwa kulingana.

Hapo ndipo lilipozaliwa dai la upasuaji wa robo. Gogo hukatwa robo nne kwanza, kisha kila robo hupasuliwa ili pete zisimame wima zikitazamwa kwenye kichwa cha ubao. Ubao wa namna hiyo haubonyei kama ule ambao pete zake zimelala. Kwa mlango au meza, hilo halina mjadala. Kwa shingo ya gitaa mimi nina wasiwasi nalo. Shingo si ubao mpana. Ni kijiti chenye upana wa milimita 43 hivi kwenye ncha ya juu na unene wa 20 hivi. Chukua mepo iliyotoka kwenye unyevu wa asilimia 9 hadi 14. Pete zikiwa zimelala, upana utaongezeka kwa karibu milimita 0.7, zikiwa wima, karibu 0.4. Tofauti ipo, lakini ni ya upana, na upana hauikunji shingo kwa urefu. Fender wa miaka ya 1950 walitumia kwa wingi mepo yenye pete zilizolala, na shingo nyingi za wakati ule bado zinapigwa. Tangazo la duka linapoandika kwa herufi kubwa kwamba shingo imepasuliwa kwa robo, huwa najiuliza kwa nini halisemi mbao zilikaushwa kwa muda gani.

Kinachoipinda shingo kwa urefu ni tofauti ndogo sana kati ya uso wa mbele na mgongo. Piga hesabu. Shingo ina urefu wa milimita 450 na unene wa 20. Uso mmoja ukirefuka kuliko mwingine kwa milimita 0.05 tu, katikati ya shingo itasogea kwa milimita 0.14. Fundi akipanga gitaa la nyuzi za chuma huacha nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 kati ya uzi na freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza uso wa shingo) za katikati, ili uzi upate pa kutikisikia. Kwa hiyo mabadiliko usiyoweza kuyapima kwa rula yamekula nusu ya nafasi yote. Na tofauti kama hiyo hupatikana kirahisi: ubao wa freti ni wa mti mmoja, shingo ni ya mwingine, ubao wa freti kwa kawaida haupakwi vanishi, mgongo umepakwa. Unyevu unaingia kwa mlango mmoja. Juu ya hapo kuna mvuto wa nyuzi, kilo 70 hivi kwa seti ya kawaida ya chuma kwenye gitaa lisilo la umeme, usiku na mchana.

Kwa ugonjwa huu nondo ndiyo dawa, na sioni namna ya kuikwepa. Hakuna gogo, hata la mti uliobarikiwa, litakalobaki palepale kwa milimita 0.1 miaka 20. Unageuza ufunguo robo mzunguko, shingo inarudi. Wanaoidharau nondo kwamba ni njia ya mkato wanasahau kwamba hata shingo nyoofu kabisa inahitaji kupangwa upya mwenye gitaa akihamia nyuzi nene.

Lakini nondo ina mipaka yake, na hapa wapenda mbao wana hoja nzito. Nondo ya kizamani inavuta upande mmoja tu. Shingo ikipinda kwenda nyuma, ukiilegeza imemaliza kazi yake, unabaki kuomba nyuzi ziivute mbele. Nondo za siku hizi zinasukuma pande zote mbili, na kasoro hiyo zimeiondoa. Kasoro isiyoondoka ni kujisokota, yaani upande wa uzi mnene unapanda huku ule wa uzi mwembamba unashuka. Hakuna ufunguo unaoweza kuinyoosha hiyo. Chanzo chake kipo ndani ya mti: nyuzinyuzi zilizozunguka gogo kama kamba wakati mti unakua, au fundi aliyefuata mstari wa msumeno badala ya kufuata nyuzinyuzi, au mbao za tawi lililokuwa limebeba mzigo upande mmoja. Mafundi wa zamani walipasua kipande kwa shoka au kwa patasi kwanza, wakaona nyuzinyuzi zinaelekea wapi, ndipo wakachora shingo. Hilo ni jambo tofauti na pete kusimama au kulala, na watu wengi huyachanganya. Mbao zinaweza kuwa na pete wima safi kabisa na bado nyuzinyuzi zake zikatoka pembeni katikati ya shingo.

Ushahidi mzuri wa upande huu ni gitaa la Kihispania, lile la nyuzi za nailoni. Mvuto wake ni karibu nusu ya ule wa chuma, na kwa desturi halina nondo. Shingo yake hutengenezwa kwa Cedrela odorata, mti mwepesi wa Amerika ya kitropiki usiocheza sana, na wengi huongeza ukanda wa abunusi au kaboni kwa ndani. Inafanya kazi. (Mti huohuo, ulioletwa na wapanda miti, leo ni mvamizi katika msitu wa hifadhi wa Kimboza, Morogoro. Wenye misitu wanautaka uondoke, na huko Ulaya mafundi wanaununua kwa kipande. Sijui kwa nini hakuna anayewakutanisha.)

Kuna njia za katikati. Kuunganisha vipande vitatu au vitano huku kila kimoja kikigeuziwa mwenzake kunapunguza kujisokota, maana kila kipande kinapingana na jirani yake. Gibson walianza kuunganisha vipande vitatu vya mahogani mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini wakusanyaji bado hulipa zaidi kwa shingo ya kipande kimoja. Kwa uimara, hayo ni mapenzi tu. Mepo iliyookwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 160 za Selsiasi bila hewa ya oksijeni hainywi unyevu mwingi kama ya kawaida, ila inakuwa kavu na rahisi kupasuka. Ukiikaza skrubu bila kutoboa kwanza utajuta. Shingo ya kaboni isiyo na mbao, kama alivyoitumia mbunifu wa magitaa Ned Steinberger mwanzoni mwa miaka ya 1980, haijali unyevu hata kidogo, lakini mara nyingi bei yake humshinda mpigaji wa kawaida.

Jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka ni ukaushaji, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Viwanda vingi hujenga magitaa katika unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 50, ambapo mbao hutulia kwenye asilimia 9 hivi. Gitaa hilo likikaa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako hewa hubeba asilimia 75 na kuendelea, mbao zitapanda hadi 14 au 15. Likihamia Dodoma wakati wa kiangazi, linarudi chini na ncha za freti zinaanza kukwaruza kiganja, kwa sababu ubao umenywea na chuma hakikunywea. Hapo watu hulaumu shingo, na mara nyingi shingo haina kosa. Gitaa lisilo la umeme likivimba tumbo (ubao wake wa mbele), nyuzi hupanda hata kama shingo imenyooka kama rula. Kabla ya kugusa nondo, bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ile inayokutana na mwili, uangalie nafasi ya katikati. Ikiwa ni ya kawaida, tatizo liko kwingine, na kukaza nondo kutaongeza tatizo la pili.

Kwa fundi wa hapa anayejenga mwenyewe, hili linageuka faida. Mkangazi ni ndugu wa mahogani. Mninga unasifika kwa kutocheza. Mpingo ni mgumu kiasi cha kufaa ubao wa freti, ingawa hukauka polepole mno na hupasuka ukiharakishwa. Mbao zilizopangwa kwa vijiti kwenye banda la Tanga kwa miaka miwili zimeshatulia kwenye hewa ya Tanga. Gitaa litokanalo nazo litakaa Tanga kwa amani kuliko la kiwandani. Likiuzwa Berlin, kibao kinageuka, na bila nondo ya pande mbili mteja atalirudisha.

Basi nikipewa magitaa mawili ya nyuzi za chuma kwa bei moja, moja la pete wima lisilo na nondo na jingine la pete zilizolala lenye nondo inayofanya kazi, nachukua la pili bila kusita, ila kwanza nitalielekeza kwenye mwanga na kutazama kutoka kwenye mwili kwenda kichwani kama mistari miwili ya kingo inalingana. Isipolingana, nondo hiyo haina msaada wowote, na muuzaji ashushe bei au alirudishe ukutani.