"Punguza Mawazo" Si Kipimo cha Moyo

Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wagonjwa 107 tu, na huo umenikaa kichwani kuliko tafiti zenye maelfu ya watu. Wote 107 walikuwa na hitilafu halisi ya moyo: umeme unazunguka pasipotakiwa, mapigo yanaruka ghafla kupita 150 kwa dakika, kisha yanatulia ghafla vilevile, kama mtu kazima taa. Walipoulizwa wanajisikiaje, asilimia 67 walitimiza vigezo vya ugonjwa wa mashambulio ya hofu. Asilimia 55 hawakugunduliwa walipopimwa mara ya kwanza, na nusu ya hao walikaa zaidi ya miaka 3.3 kabla ya ukweli kujulikana.

Miaka mitatu na ushee. Zaidi ya nusu ya hao waliokosewa waliambiwa ni hofu, wasiwasi au msongo. Kwa lugha ya huku kwetu, "punguza mawazo". Na hapa ndipo takwimu inaponiuma: wanawake waliambiwa hivyo kwa asilimia 65, wanaume 32. Ugonjwa ni uleule, moyo ni uleule. Kilichobadilika ni nani kaketi mbele ya daktari.

Sidhani wote walikuwa madaktari wazembe. Tazama vigezo vyenyewe. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani unataja dalili 13 za shambulio la hofu, na zikitokea nne kwa mkupuo zinatosha. Kumi kati yake ni za mwilini: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, pumzi kubana, kifua kuuma, kizunguzungu, ganzi na nyinginezo. Mtu anaweza kuhesabiwa kuwa amepata shambulio la hofu bila kutaja hofu hata mara moja. Kweli, mwongozo huohuo unataka magonjwa ya mwili na athari za dawa ziondolewe kwanza. Lakini shambulio huwa limekwisha kitambo mgonjwa akifika zahanati, ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, inatoka safi, na sharti linahesabiwa kuwa limetimizwa.

Wanaosema mashambulio haya huanzia kwenye fikra wana hoja nzito, tena ya kwanza inaigusa takwimu yangu pendwa. Wale 107 walichaguliwa kwa sababu tayari walijulikana kuwa na hitilafu ya moyo. Huwezi kuigeuza namba ukasema theluthi mbili ya wenye mashambulio ya hofu wana moyo mbovu. Wenye hofu ni wengi mno, wenye hitilafu hiyo ni wachache. Pia kuna maelezo ya David Clark wa Uingereza, ya mwaka 1986: moyo unadunda kidogo, mtu anasema "nakufa", tamko hilo linaufanya udunde zaidi, mpaka duara linajifunga. Tiba ya mazungumzo iliyojengwa juu ya wazo hilo imesaidia watu wengi. Na sote tunamjua yule anayezunguka na bahasha ya vipimo, leo presha, kesho malaria, keshokutwa ECG ya tano, na kila jibu safi linamtuliza kwa siku mbili.

Bado, hata maelezo ya Clark mara nyingi yanaanzia kwenye mwili. Kuna kitu kinachodunda, ndipo tafsiri mbaya inafuata. Mwaka 2013 watafiti walifanya jaribio na watu watatu ambao amigdala, sehemu ya ubongo inayohusishwa sana na woga, ilikuwa imeharibika pande zote mbili. Mmoja wao alikuwa maarufu kwa kutoogopa nyoka wala vitisho. Walipovutishwa hewa yenye asilimia 35 ya kaboni dioksidi, wote watatu walishikwa na hofu kali. Hapakuwa na wazo baya lililotangulia, ila hewa mapafuni na damu iliyobadilika.

Kwa hiyo mama akisema moyo unamwenda mbio, mimi ningependa aulizwe mambo ya kawaida kabla hajapewa ushauri wa maisha. Hedhi yake ni nzito kiasi gani, na wingi wa damu umepimwa lini? Anakonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka, joto halimwishi? Hapo tezi ya shingo inastahili kipimo. Ana pumu? Dawa ya kuvuta inayopanua njia za hewa huweza kuuendesha moyo mbio na kutetemesha vidole. Kama ni kijana wa kiume, miraa na vinywaji vya kuongeza nguvu viulizwe bila kumhukumu.

Majibu yakitoka safi, basi mazungumzo yaanze, na yasiwe adhabu ya kukosa ugonjwa. Tena mambo haya mawili hukaa pamoja: aliyeishi miaka mitatu na moyo unaomshtukiza barabarani anaweza kutibiwa moyo ukapona, na bado akaogopa kupanda daladala.

Swali moja halina gharama na husahaulika: lilianzaje na liliishaje? Hofu mara nyingi hupanda kwa dakika kadhaa, kisha ikashuka polepole. Ile hitilafu ya umeme huwaka na kuzima. Haitoshi kuamua, lakini inatosha kumwambia mgonjwa akishikwa tena akimbilie kituo cha karibu kupigwa ECG wakati huohuo, na njiani mwenzake amshike kifundo cha mkono, atazame saa, ahesabu.