Tambuu bila tumbaku: mbona popoo hatulisemi?

Ukisema tambuu, lile jani linalotafunwa na popoo (tunda gumu kama kokwa) na chokaa, ina madhara, watu wa pwani tunakuwa wakali, na kusema kweli hoja zetu zipo. Mgeni akija anatolewa kijaluba cha uraibu, harusini tambuu haikosi, na bibi zetu wametafuna mpaka uzeeni midomo myekundu na wengi hawakupata kansa yoyote. Hilo ni kweli, si kila mtafunaji anaumwa, inategemea unatafuna mara ngapi kwa siku na kwa miaka mingapi.

Ila kuna jibu moja nalisikia kila mahali, "mi natafuna bila tumbaku bwana", na hapo ndo madaktari wa kinywa hawasikilizwi kabisa. Tumbaku inaongeza hatari sana, hakuna anayebisha, lakini IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa kansa, ilishaamua 2004 kwamba popoo lenyewe, hata bila tumbaku, linasababisha kansa kwa binadamu.

Na kabla ya kansa kuna ugonjwa mwingine ambao mimi ndo unaniumiza roho zaidi. Unaanza mdogo tu, pilipili inaunguza kuliko zamani, mtu anadhani ni vidonda vya kawaida, kumbe ndani ya mashavu nyama inajaa makovu, inakakamaa na kupauka, na mdomo unaanza kukataa kufunguka. Mtu mzima kwa kawaida anaingiza vidole vitatu vilivyosimamishwa katikati ya meno ya juu na ya chini, huyu vinaingia viwili, baadaye kimoja, kula shida, kupiga mswaki shida, na hata daktari akitaka kuchungulia kama kuna uvimbe haoni vizuri. Arekolini, kemikali iliyomo kwenye popoo, inazichochea seli zitengeneze nyuzi za kovu nyingi kupita kiasi, halafu madini ya shaba yaliyomo humohumo yanasaidia nyuzi zile zikazane. Ukiacha mapema ugonjwa unaweza usiendelee, lakini kovu lililokwishajengeka haliondoki lenyewe. Na tusiseme ni mambo ya mbali, maana mtaalamu aitwaye Schwartz alipouelezea ugonjwa huu 1952 wagonjwa wake walikuwa wanawake watano wa Kihindi kutoka Kenya, hapahapa kwetu.

Wengine watasema basi ipigwe marufuku tumbaku ya kutafuna yaishe. India majimbo yalianza kuzuia gutka, yaani popoo lililochanganywa na tumbaku kwenye pakiti, 2012, viwanda vikauza pan masala yenye popoo pakiti moja na tumbaku pakiti ya pili, mteja anachanganya mwenyewe, na hata asiyechanganya bado anatafuna popoo.

Mwenye kula tambuu ya harusi mara mojamoja sina ugomvi naye. Nahofia yule ambaye popoo liko shavuni toka asubuhi mpaka usiku, pilipili imeanza kumuunguza, na haendi kwa daktari wa meno kwa sababu tu yeye si mtu wa tumbaku.