LPG au CNG: tangi ndilo linaloamua

Fungua buti la gari la petroli lililofungwa mfumo wa kutumia CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, halafu fungua la gari lenye LPG, gesi iliyogeuzwa kimiminika. Katika la kwanza utakuta mtungi wa chuma umelala kwa ubavu nyuma ya kiti, mnene kama gogo, na mabegi yanajibanza pembeni yake. Katika la pili huenda usione kitu. Inua zulia: pale tairi la akiba lilipokuwa, pana tangi bapa la duara, umbo lilelile la tairi, limekaa kimya kwenye shimo lake.

Nimeanzia kwenye buti kwa makusudi. Mabishano ya gesi hizi mbili huanza na bei ya kituoni na kuishia kwenye hofu ya mlipuko, ilhali karibu kila kinachozitofautisha kinatokana na jambo moja: LPG inakubali kuwa kimiminika, CNG inakataa.

LPG ni mchanganyiko wa propani na butani, ndugu wa gesi ya mitungi ya kupikia. Kwa joto la kawaida inatosha kuibana kwa bar 10 hivi au pungufu (bar ni kipimo cha presha), nayo inageuka maji. CNG ni gesi asilia, karibu yote methani, na methani hata uibane vipi haiwi maji mpaka uipooze kupita nyuzi 82 chini ya sifuri. Gari dogo halitembei na friji ya namna hiyo. Kinachobaki ni kuishindilia ikiwa gesi vilevile, mpaka bar 200, zaidi ya mara 80 ya upepo ulio kwenye tairi. Chombo cha kuhimili presha hiyo lazima kiwe kinene, kizito na chenye umbo la bomba. Ukikitaka chepesi, ipo mitungi ya nyuzi za kaboni, lakini hapo unalipia wepesi tu. Nafasi kwenye buti inaliwa palepale.

Tuweke namba. Mtungi wa CNG wa lita 60 ukijaa sawasawa hubeba takriban kilo 10 za gesi, na ukiwa wa chuma, wenyewe mtupu una kilo 60 hivi. Kilo moja ya CNG ina nishati ya petroli lita 1.4 au zaidi kidogo. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita ya petroli litatembea basi kilomita 170 hivi kabla ya kurudi kituoni. Tangi la LPG la lita 50 hujazwa asilimia 80 tu, yaani lita 40. Lita ya LPG ni dhaifu kuliko lita ya petroli, na gari hula kama asilimia 20 zaidi kwa ujazo. Hata hivyo gari lilelile litavuka kilomita 390. Tangi moja liko chini ya zulia, jingine limekalia buti, na lililofichika ndilo linalokufikisha mbali mara mbili.

Kwa nini basi mtu achague CNG? Sababu ipo, na si ndogo. Gesi asilia husafiri kwa bomba kutoka kisimani bila kupitia usafishaji mwingi, kwa hiyo kwa kipimo cha nishati mara nyingi ndiyo yenye bei ya chini zaidi. LPG hutoka kwenye viwanda vya kusafisha mafuta na kwenye visima vya gesi, husafirishwa kwa meli na malori, na bei yake huelekea kufuata bei ya mafuta ghafi. Mafuta yakipanda, aliyekimbilia LPG anayasikia nyuma yake.

Ila hesabu hiyo ina mtego. LPG kwa kawaida huuzwa kwa lita na CNG kwa kilo, baadhi ya nchi kwa mita ya ujazo. Bei mbili zilizo kwenye mabango haziwezi kulinganishwa zilivyo. Kilo ya CNG ina nishati ya lita 1.8 hivi za LPG. Chukua bei ya lita ya LPG, zidisha kwa 1.8, ndipo uiweke kando ya bei ya kilo ya CNG. Nimeona watu wakiamua kinyume cha faida yao kwa kuruka hatua hiyo moja, na fundi aliyekuwa na vifaa vya upande mmoja tu hakuona haja ya kuwakumbusha.

Bomba lile linaloipa CNG unafuu ndilo pia linaloifunga kamba. Kituo cha LPG ni tangi na pampu ndogo. Lori likifika, biashara inaendelea, hata pembezoni mwa barabara kuu. Kituo cha CNG kinataka bomba jirani, au trela za mitungi zinazokwenda na kurudi, na juu yake kompresa inayokula umeme mwingi. Umeme ukikatika, foleni inasimama. Ndiyo maana ramani ya dunia iko jinsi ilivyo: Uturuki na Poland zimejaa magari ya LPG, Iran na Argentina zenye gesi yake na mabomba yake zimejaa CNG. Pakistan ni somo la pekee. Iliwahi kuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa magari ya CNG, kisha gesi ikapungua, serikali ikaanza kuvifunga vituo siku kadhaa kwa wiki, na waliokuwa wamefungia magari yao mifumo ya CNG wakajikuta usiku kucha kwenye mistari. Ulaya nayo mwaka 2022 gesi asilia ilipaa, na madereva waliozoea kujaza kwa bei ya kutupa wakarudi kubonyeza swichi ya petroli, maana gari lililofungwa gesi hubaki na petroli yake.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa anayeuliza huwa hili: kwa siku unatembea kilomita ngapi, na kituo kiko upande gani wa njia yako? Teksi inayozunguka mjini kilomita 150 kwa siku na kupita kituo cha CNG kila jioni haina sababu ya kuogopa mtungi mdogo. Kujaza kila siku ni sehemu ya kazi yake, na tofauti ya bei kwa kilomita nyingi hivyo hurudisha gharama ya kufunga mapema. Gari la familia linalosafiri mikoani mara kwa mara, lenye watoto na mizigo, naliona ni la LPG. Na anayetembea kilomita tatu kwenda kazini na tatu kurudi asifunge chochote. Mifumo yote miwili huwasha gari kwa petroli kwanza, ikisubiri maji ya injini yafike nyuzi 30 au 40, kwa sababu maji hayohayo ndiyo yanayopasha regyuleta, kifaa kinachopunguza presha ya gesi kabla haijaingia kwenye injini: LPG iweze kugeuka gesi, na CNG isigandishe regyuleta inapotanuka. Safari fupi huisha kabla gesi haijaanza kazi.

Kujaza kwenyewe kuna vituko vyake. Ukishindilia CNG haraka, gesi inapata moto ndani ya mtungi, na gesi moto hujaza presha kabla ya kujaza uzito. Mshale unafika 200, mhudumu anachomoa mpira, unaondoka umeridhika. Asubuhi, gari likiwa limelala na mtungi umepoa, mshale umeshuka, na dereva mgeni anaanza kunusa akitafuta panapovuja. Hakuna kilichovuja, ila hukujaziwa kilo ulizodhani. Wazoefu hujaza usiku au alfajiri. LPG haina mchezo huo. Inapimwa kwa lita kama mafuta mengine, na kuelea kwa boya ndani ya tangi ndiko kunakofunga njia ikifika asilimia 80. Ile asilimia 20 inaachwa makusudi kwa sababu kimiminika hutanuka kikipata joto. Wapo mafundi wanaolipinda boya ili mteja apate lita chache za ziada. Ukikutana na fundi wa hivyo, ondoa gari lako.

Kuhusu nguvu, CNG inapoteza zaidi, na sababu yake inaeleweka. Petroli inaingia kwenye silinda kama matone yasiyochukua nafasi. Gesi inaingia ikiwa gesi, kwa hiyo inaisukuma hewa nje. Methani inahitaji hewa mara 9.5 ya ujazo wake ili iungue, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi inaliwa na gesi yenyewe. Propani inahitaji karibu mara 24, basi inachukua kama asilimia 4 tu. Kwenye tambarare hutaona tofauti kubwa. Kwenye mlima, gari dogo lenye watu watano na mtungi wa chuma nyuma, utaona. Methani ina okteni (kipimo cha mafuta kuhimili kubanwa bila kujiwasha) ya 120 hivi, na injini iliyoundwa kwa ajili yake ingerudisha nguvu hiyo kwa mgandamizo mkubwa, lakini injini yako iliundwa kwa petroli na haiwezi kuitumia zawadi hiyo yote. Kinachosaidia ni kifaa cha kuwahisha cheche, maana methani huungua polepole. Bei ya kufunga inapokuwa ya chini kupita kiasi, kifaa hicho huwa cha kwanza kuachwa.

Injini zenyewe hazipendelei upande. Gesi zote mbili ni safi, oili inakaa na rangi yake muda mrefu, lakini zote ni kavu na zina joto kali kwenye vali. Baadhi ya silinda hedi zina viti laini vya vali vinavyochakaa upesi. Ulizia la gari lako kabla ya kulipa. Plagi na koili dhaifu zilizokuwa zikivumilika kwenye petroli zitaanza kukohoa kwenye gesi. LPG huacha uchafu wa mafuta mazito kwenye regyuleta na injekta, vinyunyizio vya mafuta, kwa hiyo vichujio vyake visisahaulike. Na kama injini yako hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, fahamu kwamba mifumo mingi itaendelea kutumia petroli kidogo ili kupoza injekta za petroli. Akiba itakuwa ndogo kuliko uliyoambiwa.

Nimeichelewesha hofu ya mlipuko kwa sababu ndiyo inayozungumzwa zaidi na kueleweka kidogo. LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inaingia kwenye mtaro au shimo la gereji na kukaa humo ikisubiri cheche. Ndiyo sababu maegesho mengi ya chini ya ardhi hayayataki magari yake. CNG ni nyepesi, inapanda na kutawanyika, labda gari liwe kwenye chumba kilichofungwa ambako itajikusanya darini. Kwa upande wa uvujaji, CNG inashinda waziwazi. Lakini LPG haibebi bar 200. Mtungi wa CNG ulioliwa na kutu, au uliotengenezwa kwa kazi nyingine ukachomekwa kwenye gari, ni hatari hata bila moto, na ndiyo maana katika nchi nyingi abiria hushushwa wakati wa kujaza.

Tukio ambalo wapinga LPG hulitaja ni la Vénissieux, karibu na Lyon, Ufaransa, mwaka 1999. Gari la LPG lililochomwa moto lililipuka wazima moto wakiwa kazini, na kadhaa wakajeruhiwa vibaya. Lisomwe mpaka mwisho: tangi lile halikuwa na vali ya kupunguza presha. Vali hiyo ikafanywa lazima. Tangi lililo nayo likiwa kwenye moto hutoa gesi inayowaka kwa kelele, na kuwaka huko si kupasuka. Katika gesi zote mbili, ajali hufuata vifaa vya kuungaunga kuliko aina ya gesi. Mtungi wa jikoni uliofungwa kwa kamba kwenye buti si mfumo wa LPG wa bei rahisi. Hauna boya, hauna vali ya kufunga yenyewe, na unatoa mvuke juu ilhali mfumo wa gari unataka kimiminika cha chini. Wala tangi la LPG halitiwi CNG, hata siku moja.

Kwa anayejali mazingira, methani hutoa kaboni dioksidi pungufu kwa takriban robo ikilinganishwa na petroli kwa nishati ileile, na LPG pungufu kwa takriban sehemu moja ya kumi. Lakini methani inayovuja bila kuungua hupasha dunia joto mara nyingi kuliko kaboni dioksidi, kwa hiyo bomba na kituo kinachovuja vinaweza kuifuta faida hiyo yote.

Kama unanunua gari ambalo tayari limefungwa gesi, usianze na swichi ya dashibodi. Tafuta kibao kwenye tangi. La LPG lililofuata kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na alama 67R-01, mtungi wa CNG 110R, pamoja na tarehe ya kutengenezwa. Mtungi wa CNG hupewa maisha yasiyozidi miaka 20 chini ya kanuni hiyo na hutakiwa kupimwa kila baada ya miaka michache. Tangi la LPG huko Italia hubadilishwa baada ya miaka 10. Kibao kikiwa kimepakwa rangi juu, chukua msasa, kisugue taratibu mbele ya muuzaji, usome tarehe kwa sauti, kisha ndipo mzungumze bei.